Usingizi na Hulka Yako: Mwongozo Kamili kwa Anayekesha Akihesabu Mabati

Mimi na wifi yangu tunaishi nyumba moja Kirumba. Yeye anauza sato, mimi naandika hesabu za magunia ya dagaa pale mwaloni. Tunakula chungu kimoja, tunasikia muziki wa baa ileile, na joto linatufukuta sote wawili, maana nyumba yetu imeegemea jabali, na majabali ya Mwanza yakishanyonya jua mchana kutwa hulitema usiku. Lakini yeye akiweka kichwa chini analala kama pono. Mimi nilikuwa sipati hata lepe la usingizi mpaka adhana ya alfajiri inanikuta macho makavu.

"Wifi," aliniambia siku moja, "hata mwizi akija hapa atakukuta unamsubiri."

Nilishauriwa kila kitu: maziwa ya moto, asali, kuoga maji ya uvuguvugu, kuzima simu. Kila dawa ilifanya kazi siku mbili, ya tatu nikarudi kwenye mabati yangu. Mambo yalianza kubadilika nilipoacha kuuliza "usingizi unatibiwa na nini?" nikauliza "mtu wa aina yangu anajiharibiaje usingizi?" Hatua zilizo hapa chini zinafuata swali hilo la pili. Zitakuchukua wiki sita hadi nane, kwa hiyo kama unataka usingizi wa leo usiku, nakuambia mapema kwamba haumo humu.

Kwanza uelewe hulka inaingilia wapi

Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Arthur Spielman, pamoja na wenzake, walieleza kukosa usingizi kwa namna ambayo wataalamu wanaitumia mpaka leo. Kuna mambo matatu. La kwanza ni kile ulichonacho tangu mwanzo, ikiwemo hulka yako. La pili ni tukio lililoanzisha shida: msiba, deni, mtoto mchanga, kesi, kuachwa. La tatu ni yale unayoyafanya ili kufidia usingizi uliopotea, ambayo ndiyo yanayoendeleza tatizo.

Mimi huliwaza kama moto wa nyikani. Hulka ni nyasi kavu, tukio ni cheche, na yale unayoyafanya baadaye ni kuni. Cheche huzimika yenyewe: msiba unapita, deni linalipwa. Ila mtu anajikuta miezi minane baadaye bado anakesha na hajui kwa nini, kwa sababu kila usiku anaongeza kuni. Analala saa 2 usiku "ili nipate muda wa kutosha", anajinyoosha mchana, anakaa kitandani akibembeleza usingizi, anapiga chupa mbili za bia.

Nyasi hutazifyeka zote, maana hulka haibadiliki kwa wiki sita. Cheche nayo huna mamlaka nayo. Kuni ndizo zilizo mikononi mwako, na hulka yako ndiyo inayochagua ni kuni zipi unaokota. Mwenye wasiwasi haokoti zile anazookota mpenda watu.

Hatua ya 1: Daftari la siku 14

Nunua daftari dogo. Kila asubuhi, ukishaamka kabisa, andika: nilipanda kitandani saa ngapi, nakisia nilichukua muda gani kusinzia, niliamka mara ngapi, niliamka moja kwa moja saa ngapi, nilitoka kitandani saa ngapi. Kisha mstari mmoja tu: jana nilikuwa nawaza nini kabla ya kulala?

Usiangalie saa usiku ili ujaze daftari vizuri. Kisia. Mimi wiki ya kwanza nilikuwa nawasha tochi ya simu kila nikigeuka, nikapata takwimu safi sana na usingizi mbovu kuliko kabla. Mwishowe niliihamishia saa ya ukutani jikoni, na simu ikawa inalala huko.

Mstari ule wa mwisho ndio wenye siri. Baada ya wiki mbili usome yote kwa mkupuo. Yangu ilikuwa hivi: "hesabu za Jumanne", "kama nilifunga stoo", "nitalala kweli leo?", "hesabu", "nitalala?", "nilimjibu vibaya mteja wa Geita". Usiku kumi na minne, na zaidi ya nusu nilikuwa nawaza kosa ambalo halijatokea.

Hatua ya 2: Jitambue, lakini usijipime wiki mbaya

Wataalamu wa hulka wanapanga tabia za watu katika nyanja tano kubwa: wepesi wa kuingiwa na wasiwasi, umakini na nidhamu, uchangamfu na kupenda watu, upole wa kukubaliana na wengine, na udadisi wa mambo mapya. Kila mmoja wetu anazo zote, tofauti ni kiasi.

Inayohusiana zaidi na shida ya usingizi, katika tafiti nyingi na nchi nyingi, ni ile ya kwanza. Mtu mwepesi wa wasiwasi mwili wake huwaka haraka na kupoa polepole. Neno dogo aliloambiwa saa 5 asubuhi bado linamchemkia saa 5 usiku. Na kuna jambo la pili baya zaidi: usingizi ukimkatikia, anaanza kuuhofia usingizi wenyewe. Kuanzia hapo shida inajilisha.

Umakini na nidhamu kwa kawaida huja na usingizi mzuri, kwa sababu mtu wa ratiba huamka na kulala kwa ratiba. Asiye na nidhamu hiyo, leo analala saa 4, kesho saa 8, na saa ya mwili haijui imfuate lini. Lakini umakini una upande wake wa nyuma ambao watu hawausemi: ukipita kiasi ukawa utimilifu, kwamba kila kitu lazima kiwe sahihi na mimi ndiye nitakayelaumiwa, unakaa kitanda kimoja na wasiwasi. Huyo ndiye mimi.

Wachangamfu kwa wastani hulala vizuri kidogo kuliko wakimya, ingawa baadhi yao ni watu wa usiku. Upole na udadisi uhusiano wao na usingizi ni dhaifu, sitakudanganya, ila upole una mtego mmoja nitakaoutaja.

Sasa angalizo. Usiku mbovu hufanya kila mtu awe mwepesi wa hasira na wasiwasi, kwa hiyo ukijipima baada ya siku tatu za kukesha utajiona mtu wa ajabu. Muulize anayekujua tangu zamani: mama, kaka, rafiki wa shule. Usimuulize "mimi nina wasiwasi?" kwa sababu atakuonea huruma. Muulize: "Tukisafiri, mimi ni yule anayefika stendi saa mbili kabla, au yule anayelikimbilia basi?" Nilipomuuliza kaka yangu, alicheka kwanza. "Wewe ukienda Ukerewe unaaga jana yake."

Halafu usichanganye hulka na kazi. Mvuvi wa dagaa anayetoka jioni na taa zake na kurudi alfajiri, halafu siku za mbalamwezi anakaa nchi kavu na kulala usiku kama wengine, saa yake ya mwili inavurugwa na mwezi na ajira, si tabia. Vivyo hivyo mlinzi, muuguzi wa zamu, dereva wa lori. Huyo aanzie kwenye giza la chumba mchana na kulilinda lisivunjwe, kabla hajajichunguza roho.

Hatua ya 3: Msingi wa watu wote

Hapa hakuna cha hulka. Wewe ni nani, haidhuru, fanya haya matatu kwanza.

Chagua saa moja ya kuamka na uishike siku saba, Jumapili ikiwemo. Usihangaike na saa ya kulala. Ya kuamka ndiyo inayoivuta ya kulala. Ukiamka, toka nje. Mwanza jua linachomoza kati ya saa 12 na nusu na karibu saa 1 mwaka mzima, bila msimu wa kutusumbua, na mwanga wa asubuhi ndio unaoiambia saa ya mwili siku imeanza. Mimi natembea mpaka ufukweni narudi, dakika ishirini hivi.

Kitanda kiwe cha kulala na cha ndoa tu. Mwaka 1972 Richard Bootzin alieleza njia rahisi ambayo bado ni mhimili wa tiba: nenda kitandani ukiwa na usingizi, si ukiwa na uchovu tu. Ukiona umelala macho kama dakika ishirini, kwa makisio, inuka utoke. Kaa mahali pengine penye mwanga hafifu, fanya jambo lisilo na maana, rudi usingizi ukija. Rudia hata mara tano. Najua utasema nyumba ni chumba kimoja na watoto wamelala chini. Weka stuli kwenye kona, au mkeka kando ya ukuta. Kona ile ndiyo "nje ya kitanda", inatosha. Chandarua usikiache wazi nyuma yako, la sivyo mbu wataingia na kuimaliza kazi.

Chai na kahawa ziishie mchana. Nusu ya kafeini uliyokunywa hubaki mwilini saa tano hivi baadaye, na kuna wanaokaa nayo zaidi. Pombe inakulaza mapema halafu inakuamsha saa 8 usiku na kiu. Kuhusu vyakula sina mengi ya kusema, usile ugali wa kushindiliwa ukaenda kulala, basi.

Kelele za baa na mikesha huziwezi. Pamba za masikioni zinasaidia kiasi, feni inasaidia zaidi kwa sababu mngurumo wake ni wa aina moja.

Hatua ya 4: Chukua dawa ya hulka yako

Kama wewe ni mtu wa wasiwasi

Wasiwasi haukubali kuambiwa "acha kuwaza". Ukiufukuza mlangoni unaingia dirishani. Upangie miadi. Kila jioni, saa 12 kwa mfano, muda mrefu kabla ya kitanda, kaa na karatasi dakika kumi na tano. Upande wa kushoto andika kila kinachokusumbua, upande wa kulia andika hatua inayofuata, hata kama ni ndogo: "nimpigie kesho saa 3". Kisichokuwa na hatua andika "hakina la kufanya leo". Usiku wazo likija, lijibu: "Wewe umeshaandikwa, saa yako ni kesho jioni."

Mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, waliwachukua vijana wazima 57. Nusu waliandika kwa dakika tano kabla ya kulala mambo wanayotakiwa kufanya siku zijazo, nusu waliandika waliyokwisha yamaliza. Walioandika ya mbele walisinzia kama dakika tisa mapema, na kadiri orodha ilivyokuwa na mambo mahususi ndivyo walivyosinzia haraka. Ni utafiti mdogo, wa usiku mmoja, lakini haugharimu chochote zaidi ya kalamu.

Jambo la pili ni gumu zaidi: acha kutafuta usingizi. Usingizi ni kama paka, ukimkimbiza anapanda juu ya kabati. Kuna mbinu inayoitwa nia ya kinyume, unalala gizani macho wazi na kujiambia kwa upole "ngoja nikae macho kidogo zaidi". Hufanyi lolote, hushiki simu, unakataa tu kusinzia. Mara ya kwanza nilijiona mjinga. Mara ya tatu sikumbuki iliishaje.

Kama wewe ni mtu wa utimilifu

Nitakaa hapa kidogo maana ndipo nilipoungulia. Usiku mmoja niligundua, nikiwa kitandani, kwamba hesabu ya siku ile ina pengo la shilingi 14,000. Saa 8 usiku nikainuka, nikamwaga risiti zote sakafuni, tochi mdomoni. Nilihesabu magunia, nikahesabu sado zilizouzwa rejareja, nikajumlisha mara tatu. Wifi akaamka akasimama mlangoni na kanga yake, hakusema neno, akarudi kulala. Saa 11 alfajiri nikakumbuka: ni hela ya makuli niliyowalipa mwenyewe mkononi, sikuandika. Hesabu ilikaa sawa, mimi nilikuwa nimechoka hoi, na siku iliyofuata nilikosea hesabu kwa shilingi 60,000.

Mtu wa utimilifu anaharibu usingizi kwa njia mbili. Anabeba kazi kitandani, na anaugeuza usingizi wenyewe kuwa kazi ya kufaulu. Ya kwanza itibu kwa kufunga siku kwa ibada ndogo ileile: funga daftari la kazi, andika juu yake neno "pamefika", liweke mahali usipolala. Pengo la hesabu likija usiku, andika tarakimu yake kwenye karatasi, tarakimu tu, bila kutafuta jibu. Ya pili itibu kwa kukosea makusudi. Ndiyo. Mara moja kwa wiki acha kipengele kimoja cha ratiba yako ya usingizi: usinywe maji yako ya uvuguvugu, usipange mito. Uone kwamba anga halikuanguka. Na kama una saa ya mkononi inayokupa maksi za usingizi kila asubuhi, ivue. Ni mwalimu mkali mwingine ambaye hukumhitaji.

Kama huna ratiba

Wewe usingizi wako hauna ugonjwa, una vurugu. Ushauri wa kuandika wasiwasi hautakusaidia, kwa kuwa huna huo wasiwasi. Usijiwekee kanuni kumi, utaziacha kumi. Shika moja tu, saa ya kuamka, na usiiachie nia yako iisimamie. Ikabidhi kwa mtu: mpangie bodaboda wa mtaa akupitie saa ileile kila siku, umlipe hata ukichelewa. Aibu na nauli vinaamsha kuliko kengele.

Kama ni mpenda watu

Tatizo lako liko jioni. Unatoka kijiweni saa 5 usiku bado umewaka, halafu unashangaa kitanda hakikupokei. Usijinyime watu, wasogeze. Maongezi makali, mpira na mabishano ya siasa yaishe saa moja na nusu kabla ya kulala, na anayebaki awe yule rafiki mpole mnayekaa kimya naye bila kuona haya.

Mtego wa wapole nilioahidi ni huu: mtu asiyeweza kusema hapana ndiye mhazini wa kikoba, ndiye msimamizi wa kundi la WhatsApp la michango ya harusi, ndiye anayepigiwa saa 4 usiku "dada samahani, una elfu ishirini?" Usiku anachemka kwa "ndiyo" alizozitoa mchana. Jifunze sentensi moja: "Nitakujibu kesho asubuhi." Si hapana, kwa hiyo utaiweza.

Hatua ya 5: Punguza kitanda

Kama wiki tatu za hatua zilizotangulia hazijatosha, hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo inayochukiwa kuliko zote. Rudi kwenye daftari. Mimi nilikuwa kitandani kuanzia saa 3 usiku mpaka saa 12 asubuhi, saa tisa, na usingizi halisi ulikuwa wastani wa saa tano na nusu. Yaani asilimia 61 tu ya muda wa kitandani. Nikabana muda wa kitanda uwe sawa na usingizi nilionao: kulala saa 6 usiku, kuamka saa 11 na nusu alfajiri. Usishuke chini ya saa tano hata daftari likisema vinginevyo.

Wiki ya kwanza ni mbaya. Utasinzia kwenye daladala. Lakini njaa ya usingizi inajengeka, na kitanda kinaanza tena kumaanisha kulala. Kila wiki piga hesabu: usingizi ukifika asilimia 85 au zaidi ya muda wa kitanda, ongeza dakika 15 mwanzoni mwa usiku. Ukiwa kati ya 80 na 85, subiri. Chini ya hapo, punguza dakika 15. Endelea mpaka ufike usingizi unaokutosha, na kwa mtu mzima wengi ni saa saba au zaidi.

Mtu wa wasiwasi ataogopa hatua hii, mtu wa utimilifu ataipenda mno na kutaka kuifanya kwa dakika na sekunde. Wote wawili wapunguze kidogo kidogo.

Usiifanye bila daktari kama una kifafa, kama umewahi kuwa na vipindi vya furaha au nguvu za kupita kiasi bila kulala, kama una mimba, au kama kazi yako ni kuendesha gari, pikipiki, boti au mashine.

Wakati wa kwenda hospitali

Kukosa usingizi usiku tatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu, huku mchana ukikushinda, ni ugonjwa unaotambulika. Usione aibu kwenda hospitali kubwa, kwetu Mwanza ni Bugando au Sekou Toure, au kuanzia zahanati ya karibu. Nenda mapema zaidi kama unakoroma sana na watu wanasema unakata pumzi usingizini, kama miguu inakuwasha na kukulazimisha kuitikisa kila jioni, au kama huzuni imekaa nawe majuma mawili na huoni cha kukufurahisha. Ukianza kuwaza kujidhuru, nenda leo na umwambie mtu aende nawe.

Usinunue vidonge vya usingizi kwa kumnong'oneza muuza duka la dawa. Mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba tiba ya kwanza kwa mtu mzima mwenye tatizo sugu ni ya kubadili fikra na mazoea ya usingizi, na nyingi ya hatua ulizosoma hapa ni vipande vyake. Vidonge vina nafasi yake, kwa mkono wa daktari na kwa muda mfupi.

Ukirudiwa

Utarudiwa, hasa kama wewe ni wa kundi langu, maana nyasi bado zipo. Mimi nilirudiwa wiki ya kufunga hesabu za mwaka. Usiku wa kwanza mbovu usifidie chochote: usilale mapema, usijinyooshe mchana, amka saa yako. Ikifika usiku wa nne, toa daftari lile la siku 14 na uanze ukurasa mpya. Nilipoanza wangu, wifi alikuwa anapaa samaki uani. Akanitazama, akauliza, "Wifi, tumerudi kwenye mabati?" Nikamwambia ndiyo, akanisogezea ndoo nimshikie taa.